Kura ya Mjumbe wa Jordbro

Leokadia alitoka Bukoba mwaka 1969 kumfuata mumewe, aliyekuwa akisomea ufundi Stockholm, Sweden. Kufikia 1976 alikuwa mpakiaji katika ghala moja la Jordbro, kitongoji cha Stockholm, na wenzake kumi na wanane, Watanzania na Waganda, walimfanya mjumbe wao katika umoja wa Waafrika Mashariki.

Katiba ya umoja huo aliiandika Thomas, mwanafunzi wa historia. Mwakilishi wao kwenye kamati ya wahamiaji ya mkoa hakuchaguliwa na wanachama wote, bali na wajumbe kumi na mmoja wa vikundi kama hicho cha Jordbro. "Hata Wamarekani wa zamani walipata maseneta hivyo," Thomas alipenda kusema. "Bunge la jimbo ndilo lililoamua."

Jumapili moja ya Februari wajumbe walikutana Hallunda, kitongoji kingine. Wagombea walikuwa wawili: Samwiri, mwalimu aliyekimbia Uganda, na Method, kaka wa mume wa Leokadia. Watu wa Jordbro walikuwa wamemwagiza Leokadia ampe Samwiri kura, kwani aliahidi kupigania saa za kujifunza Kiswidi kazini, ambazo sheria iliwapa na mwajiri akawanyima. Method alikuwa amesema ugomvi wa maghalani haumhusu.

Thomas alisoma majina, kila mjumbe akajibu kwa sauti. Tano kwa tano.

"Leokadia?"

"Sijaamua."

Duru ya pili, tano kwa tano. Ya tatu. Ya nne. Kahawa ilipoa. Mtu mmoja alivaa koti, akalivua tena.

Kabla ya duru ya tano Method alimsogelea. "Shemeji, ulipofika nchi hii, wewe na mumeo mlilala kwa nani miezi minane?"

"Kwako, shemeji."

"Basi unangoja nini?"

Leokadia alimfikiria Achola, mpakiaji mwenzake, aliyetia sahihi karatasi ya Kiswidi asiyoweza kuisoma, kumbe amekubali kupunguziwa likizo.

Jina lake liliposomwa alisimama.

"Jordbro inampa Samwiri."

Method alichukua kofia yake, akatoka bila kuaga. Nyumbani, mumewe alikula peke yake wiki nzima.

Samwiri alihangaika na barua na vikao hadi vuli, ndipo masomo yakaanza, saa nane mchana, katikati ya kazi. Thomas naye, baada ya duru zile tano, alibadili katiba, wanachama wote wakapata kura.

Krismasi ile Method hakufika kwa Leokadia na mumewe. Alikuja mwaka uliofuata, mtoto wao alipobatizwa. Alikula, akamsifu Leokadia kwa mapishi, na jina la Samwiri hakulitaja.