Balbu ya Motaleb

Dulal alimtoa Jorina gerejini kwa uongo. Aliwaambia madereva kwamba shemeji yake ndiye aliyeunguza kontrola ya riksho, ilhali aliiunguza mwenyewe.

Enzi za marehemu Motaleb, mumewe Jorina, alfajiri za gereji ile ya mjini Bogura zilikuwa tulivu. Betri zilikesha zikichajiwa, na kulipopambazuka wawili hao walizifunga kwenye riksho. Motaleb alikuwa na balbu kuukuu ya nyumbani yenye vipande viwili vya waya. Umeme wa betri aliupitisha kwanza kwenye balbu ndipo ufike kwenye kontrola, lile kasha linaloamuru mota. Balbu iliwaka wekundu hafifu, ikafifia. Hapo kontrola ilikuwa imeshiba umeme polepole, na waya mkuu uliingia bila cheche ya kuiunguza. Wakiisubiri ififie, Motaleb alimmegea mkewe bisi za mchele na kumuuliza ameota nini. Ndoto nyingine Jorina alizitunga palepale, ili tu amsikie akicheka.

Motaleb alipofariki, Jorina akaendelea na balbu. Madereva walinung'unika. Kwao, betri isiyotoa mlio wa cheche ikifungwa haikujaa chaji.

"Shemeji, ya jana ilikuwa mfu," dereva mmoja, Hasmot, alimwambia asubuhi moja. "Hata kukohoa haikukohoa."

"Na jioni riksho uliirudisha kwa kuisukuma?"

Hasmot akachukua kikombe chake. Wenzake wakacheka, wakageukia chai yao. Lakini Dulal, mdogo wa marehemu na mwenye riksho zile, alitaka kumridhisha dereva wake. Kabla Jorina hajaishika balbu, akanyakua waya, akausugua kwenye kontrola ili mlio usikike vizuri. Cheche ya buluu ikaruka, moshi ukafuka. Madereva walipogeuka, waya ulikuwa umekwisha kutupwa miguuni pa Jorina.

"Nilisema mwanamke asiguse umeme," Dulal akasema. "Mmeona wenyewe."

Jorina akamtazama Hasmot, aliyekuwa karibu kuliko wote. Hasmot akainamia kikombe chake.

Sasa Jorina anaishi nyuma ya ukuta wa gereji hiyohiyo. Kila alfajiri anasikia waya zikilia, moja baada ya nyingine, na bisi anakula peke yake. Kazi yake anaitaka bado. Ila kwanza Dulal asimame mbele ya madereva walewale, aseme kwamba waya aliushika yeye. Hajasema. Hasmot naye, aliyeona, hajasema.