Chura wa Msufi

Dirisha la jiko la Somoe linatazama bwawa, na hakuna mtu wa Toangoma aliyewahi kupita ukingoni mwa bwawa lile bila kuonwa. Akichambua mchicha, anatazama. Akisugua sufuria, anatazama. Mazoea hayo aliyaanza zamani, binti yake Munira alipokuwa anajifunza kutembea na kila akiachiliwa anaelekea kwenye maji. Munira alikua, akaolewa, lakini macho ya mama yake yalibaki palepale.

Bwawa lenyewe lilikuwa shimo tu. Wenye malori walichimba mchanga miaka mingi, mchanga ukaisha, wakaondoka bila kufukia. Mvua ikalijaza. Watu walikuwa wanatupa takataka humo mpaka alipohamia Mzee Gregori, fundi wa vinyago kutoka Newala, aliyechonga pale Mwenge miaka thelathini kabla mgongo haujamkatalia. Huyu ndiye aliyesafisha ukingo, akapanda matete, akaja siku moja na ndoo ya perege wadogo akawamimina. Baada ya mwaka watu wa mtaa wakaanza kula samaki wasiotoka sokoni.

Uvuvi wa bwawani kwao ni wa namna yake, nao ulitoka Mwenge. Mzee Gregori alikuwa na mteja Mkenya anayepeleka watalii kuvua katika ziwa la Naivasha. Mteja huyo hakutaka vinyago. Alitaka vyura wadogo wa mti mwepesi, wakubwa kama korosho, waliofungwa manyoya ya kuku mkiani na ndoano tumboni. Alisema huko kwao kuna samaki mwenye mdomo mpana kama kikombe. Chura yule akirushwa juu ya maji na kutikiswa kidogo, samaki anamrukia akidhani mzima. Akasema na jambo jingine, ambalo Mzee Gregori hakulisahau: kuna msimu samaki yule analinda kiota, hali kitu, ila chochote kikisogea karibu na watoto wake anakipiga. Mvuvi mwenye adabu akimpata wakati huo, anamrudisha majini upesi.

Mzee Gregori alichonga vyura wale kwa mti wa msufi. Alipostaafu akawajaribu kwa perege wake, kwa ufito wa mwanzi na mshipi mnene unaopungwa nyuma, ukisubiriwa unyooke, kisha ukarudishwa mbele taratibu. Perege wakawakubali. Na kwa kuwa perege jike hubeba watoto mdomoni, mzee akaweka sharti kali kuliko la Mkenya: mvua za masika zikianza, hakuna ndoano majini mpaka yeye mwenyewe aseme watoto wamejitegemea.

"Mlinzi ni Mama Munira," aliwaambia watu. "Mie macho yangu yameisha kwenye mpingo. Yeye haoni tu, anachungulia."

Watu walicheka. Somoe naye alicheka, lakini moyoni alijisikia mtu mkubwa. Alisoma mpaka darasa la saba, akaishia hapo, na katika maisha yake hakuna aliyewahi kumpa cheo. Mzee akampa na vyura wawili, avulie msimu ukifunguliwa. Mtu mwingine pekee aliyepewa vyura alikuwa Khalfani, jirani wa ukuta kwa ukuta, dereva wa bodaboda, ambaye siku asipopata abiria utamkuta amekaa ukingoni anapunga mshipi peke yake na kuimba singeli kwa sauti ya chini ili asiwatishe samaki.

Mwaka huu masika yalikuja kwa fujo. Aprili, Munira akajifungua mtoto wa kwanza, akaletwa kwa mama yake kukaa arobaini. Mtoto alikuwa mdogo, mwenye sauti kubwa. Maziwa yakawa hayatoki vizuri. Somoe alipika uji wa pilipili manga, akampa mtori, akamkanda mgongo kwa maji ya moto, na kila mtoto alipolia yeye ndiye aliyetoka jasho.

"Mama, nina hamu ya mchuzi wa perege," Munira alisema asubuhi ya siku ya kumi na mbili. "Wale wa bwawani. Ule mweupe, wa ndimu."

"Bwawa limefungwa mwanangu."

"Najua. Nasema tu."

Asubuhi ile barabara ya sokoni ilikuwa imekatika kwa maji. Ilikatika siku ile moja tu. Kesho yake watu walipita. Na kabatini kulikuwa na dagaa. Haya mawili Somoe ameyarudia kichwani mara nyingi kuliko anavyoweza kusema: angeweza kungoja kesho, na dagaa walikuwepo. Lakini mtoto alilia tena, na mvua ilikuwa imewafungia watu ndani, na mtu pekee anayechungulia bwawa alikuwa yeye.

Alichukua ufito, akamfunga chura mmoja, akajifunika khanga kichwani, akatoka.

Alirusha mara tatu. Ya tatu chura aliangukia karibu na matete, pale maji yalipokuwa yanachemkachemka kwa vitu vidogo. Hakuwahi hata kumtikisa. Maji yalipasuka, ufito ukapinda, akavuta. Alikuwa perege mnene. Somoe alimshika kwa mikono miwili amtoe ndoano, na mdomo wa samaki ukafunguka, wakamwagika viganjani mwake watoto, wengi, wembamba kama kucha za kichanga, kila mmoja macho mawili meusi.

Akapiga magoti. Akawarudisha majini kwa viganja, akisema, "Nendeni, nendeni." Hawakwenda popote. Walijikusanya palepale, wakisubiri mdomo wa kuingia. Kisha perege wengine wakaja kutoka kila upande, na yale maji madogo yakachafuka, na yalipotulia hapakuwa na kitu.

Mama yao alikuwa bado anatapatapa kwenye nyasi. Angeweza kumrudisha. Hilo nalo lipo kwenye hesabu. Badala yake alimtia kwenye ndoo, na kwa haraka ya kuondoka akavuta mshipi uliokuwa umejisokota kwenye matete, ukakatika, chura akabaki hukohuko. Hakumfuata.

Munira alikunywa mchuzi bakuli mbili. "Mama, huu umeufanyaje? Mtamu!" Jioni maziwa yakatoka, mtoto akalala. Somoe alisema samaki amemnunua kwa mchuuzi, na yeye hakuonja. Alisema ana kiungulia.

Siku ya tatu baada ya mchuzi Mzee Gregori alibisha hodi. Alikuwa ameloa magoti, na kiganjani ana chura wa msufi mwenye kipande cha mshipi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Munira. Tazama nilichokitoa kwenye matete. Mtu amevua."

Somoe alimtazama yule chura kama anamwona mara ya kwanza. "Jamani," alisema. Ndilo neno lililotoka.

"Ni wangu huyu. Nawajua kwa kisu changu. Niliwapa watu wawili tu, wewe na Khalfani." Akatikisa kichwa. "Huyu kijana nilimwamini. Hukumwona?"

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa kubwa, mlango mzima. Somoe alisikia mtoto akikohoa chumbani.

"Ile siku ya mvua kubwa... nilikuwa na mzazi ndani," alisema. "Sikuchungulia sana."

"Siwezi kukulaumu. Una mgonjwa wako." Mzee akaenda zake, na Somoe akabaki ameshika fremu ya mlango. Hakumtaja Khalfani. Alijiambia hivyo mara kadhaa: sikumtaja. Lakini alijua kwamba kutomtaja hakukumsaidia Khalfani hata kidogo.

Kabla ya Ijumaa mtaa mzima ulikuwa unajua. Kijiweni walimpachika jina la Ndoano. "Ndoano, nipeleke Rangi Tatu, ila usinivue njiani!" Khalfani alicheka nao siku ya kwanza. Siku ya pili hakucheka. Mzee alimpelekea ujumbe kwamba msimu ukifunguliwa asije, na mwakani asije, na vyura awarudishe. Khalfani hakuwa na shamba wala timu ya mpira wala baraza la kahawa. Alikuwa na lile bwawa.

Na kila asubuhi, akiwasha pikipiki, aliendelea kusalimia dirishani. "Shikamoo Mama Munira! Kichanga kimelala?"

"Marahaba baba. Kimelala."

Salamu hiyo ikawa inamchoma Somoe. Akaanza kusogea mbali na dirisha akisikia pikipiki, yeye ambaye hajawahi kuliacha dirisha hilo. Munira akaona.

"Mama, unamkwepa Khalfani? Kisa samaki?"

"Lala na mtoto wewe."

Jumamosi ya wiki iliyofuata, alasiri, Khalfani alikuja kurudisha vyura. Mzee Gregori alikuwa amekaa kwenye kigogo ukingoni, na Somoe alikuwa anaanika nepi kwenye kamba, hatua kumi kutoka pale. Angeweza kuingia ndani. Alichukua nepi nyingine.

Khalfani alifungua kitambaa, akawapanga vyura kwenye kigogo mmoja mmoja. "Ulinipa watatu, mzee. Hawa hapa watatu. Wote na mikia yao."

Mzee aliwashika, akawageuza. Kisha akajipapasa paji la uso. "Watatu?"

"Watatu. Ulinipa siku ya Idi, mkononi."

"Basi labda nilikupa wanne." Sauti ya mzee ilikuwa imeshuka. "Siku hizi nasahau. Juzi nimesahau hata jina la mtoto wa dada yangu. Itakuwa nilikupa wanne, Khalfani. Maana huyu mwingine hakujileta mwenyewe."

Hakugeuka hata kumtazama Somoe. Ilimwia rahisi zaidi kushuku kichwa chake mwenyewe kuliko kumshuku yeye. Somoe alisimama na nepi inachuruzika mkononi, akahisi kwamba akinyamaza sasa atakuwa amemnyang'anya mzee imani ya akili yake mwenyewe, kitu kisichorudishwa kama chura.

"Hukumpa wanne, mzee," alisema.

Wote wawili waligeuka.

"Ni mie. Ile siku ya mvua. Munira alitaka mchuzi. Na samaki alikuwa na watoto mdomoni, niliwaona wakiliwa." Alitaka kuendelea, kusema habari ya maziwa na barabara, akaona hayo ni ya kujitetea, akaitundika nepi kambani.

Mzee Gregori alikuwa na uso wa mtu aliyepewa habari mbili kwa mpigo: kichwa chake ni kizima, na mlinzi wake ndiye aliyevua. Ni Khalfani aliyesema kwanza.

"Mama Munira." Alisema polepole. "Wiki mbili nakuamkia. Kila asubuhi nakuamkia. Na wewe unanijibu marahaba."

"Nilikujibu, baba. Nisamehe."

"Sijui," Khalfani alisema. Akawakusanya vyura wake watatu, akaondoka nao, na mzee hakumzuia.

"Msimu ukifunguliwa hutavua," Mzee Gregori alimwambia Somoe baadaye, bila ukali. "Siku ya kwanza utawaandalia wenzako samaki wao. Na kuchungulia, nitamwomba yule kijana, kama atakubali."

Bwawa lilifunguliwa Juni. Somoe alikaa ukingoni na kisu, ubao na beseni, akiparua magamba ya samaki wa watu wengine. Munira alikuja na mtoto mgongoni, mnene sasa, akakaa karibu. Alipoambiwa mchuzi ule ulitoka wapi alikuwa amelia, kisha akakasirika, na siku hiyo akaja mwenyewe. Khalfani alifika mwisho, na perege mmoja kwenye mshipi.

"Huyu hana kitu mdomoni, Mama Munira," alisema kwa sauti ya kusikiwa na ukingo mzima. "Nimemkagua."

Watu wakacheka. Somoe aliinamisha kichwa, akampokea kwa mikono miwili. Kabla hajaweka kisu, alimfungua mdomo kwa kidole gumba, akachungulia ndani. Halafu akachukua aliyefuata kwenye beseni, akamfungua na yeye.