Mfalme wa Chumvi Hapokei vya Bure

Kwa miaka ishirini na mitatu wateja wa duka la kuchapa na kutoa nakala walimwita Hapana, naye akaitikia bila kununa. Jina lilimkaa. Ukimpelekea picha yenye ukungu ukaomba aikuze iwe safi, alisema hapana kabla hujamaliza sentensi, kisha akakueleza kinachowezekana, na hicho akakifanya vizuri kuliko ulivyoomba. Dada yake, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka sita, alikuwa fundi cherehani. Alizoea kusema kwamba mdogo wake alijua neno hapana kabla ya kujua neno mama.

Ndiyo maana ugonjwa ulipokuja ulionekana kama mzaha mbaya. Kiharusi kilimwangusha Hapana asubuhi moja akiwa anapakia karatasi kwenye mashine. Kilichukua mkono wa kulia, kikaulegeza mguu, kikafagia maneno yote, kikamwachia moja tu. Neno lenyewe lilikuwa ndiyo.

Unasikia baridi? Ndiyo. Unasikia joto? Ndiyo. Nizime feni? Ndiyo. Basi niiache? Ndiyo. Na kichwa kilitikisika pamoja na neno, kwa kila swali, sawasawa. Mwalimu wa mazoezi ya kuongea, mwanamke mpole aliyekuja kila Jumanne, alimweleza fundi kwamba akili ya mgonjwa ilikuwa nzima. Alisikia na kuelewa karibu yote. Mlango wa kutolea maneno ndio uliokwama. "Usiichukue ndiyo yake kuwa jibu," alimwonya. "Hiyo ni kama kikohozi. Inatoka tu."

Fundi alimsikia, ila maneno hayakumwingia, kwa sababu alikuwa ameshapanga. Nyumbani kwake kulikuwa na stoo ya majora na mitumba ya vitambaa. Aliitoa vitu vyote, akaipaka rangi, akapima dirisha akashona mapazia ya mistari ya kijani. Akapima na kitanda: futi tatu na nusu, kitaingia bila kugusa mlango. Mwisho wa mwezi atakirudisha kwa mwenye nyumba chumba alichopanga mdogo wake, chumba kimoja ghorofani juu ya gereji, chenye ngazi kumi na saba zilizosimama wima kama za kupandia darini. Alimuuliza Hapana kama anakubali. Hapana akasema ndiyo. Alipokuwa akisema, mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika ukingo wa kitanda hadi vifundo vikageuka rangi. Fundi aliuona mkono ule. Alijiambia ni uchovu.

Hakuna aliyeweza kumlaumu kwa uvivu. Alifika saa moja asubuhi kila siku, akamwogesha mdogo wake, akamvisha, akamlisha, akamchana nywele, akafua, akafagia, kisha akakimbilia cherehani yake na kurudi tena alasiri. Funguo zote mbili za chumba, ule wa kila siku na ule wa akiba, zilikaa kwenye mkoba wake. Alileta shali, sabuni ya kunukia, mto mwingine. Na kila alivyozidi kuleta, ndivyo Hapana alivyozidi kugeukia ukutani. Miezi minne ilipopita alikuwa anakula akiangalia chokaa.

Jumamosi moja mchana alikuja mtu aliyefanya kazi meza moja na Hapana pale dukani. Walimwita Wino, kwa kuwa vidole vyake havikuwahi kutakata. Alikuwa amekuja mara tatu na kukaa dakika kumi bila kujua aseme nini. Safari hii alitazama kompyuta iliyofunikwa kitambaa mezani, akaomba ruhusa kuiwasha, akamwuliza fundi kama amewahi kuuona mchezo wao.

Fundi alijua tu kwamba mdogo wake alikuwa na mchezo. Wino akamweleza. Wewe una ufalme wako, na kompyuta inaziongoza falme nyingine tano. Mnaweza kupigana, lakini sehemu kubwa ni kubadilishana mali. Dirisha linafunguka limegawanyika kati: kushoto unaweka unachotoa, kulia unachotaka. Mfalme wa upande wa pili anakubali, anakataa, au unambonyezea swali la kumuuliza yeye angetaka nini. Mchezo ulipotoka kiwandani, alisema Wino, wafalme wale walikuwa mabwege. Ukiwarundikia dhahabu wanakupa hata mji. Hapo yeye, Hapana na wenzao waliojuana kwenye mtandao wakazifungua sheria za mchezo wakaanza kuzibadilisha. Kazi ya biashara aliichukua Hapana. Miaka saba, kila saa ya chakula, mkate mkono mmoja.

"Jaribu, dada. Ufalme wako hauna chumvi. Yule mwenye kofia ndefu ndiye Mfalme wa Chumvi."

Fundi akavaa miwani. Alifanya kama alivyofanya maishani mwake: alimpelekea mfalme magunia hamsini ya ngano, zawadi, bila kudai kitu. Mfalme akashukuru. Zamu iliyofuata akampelekea mbao. Mfalme akasema zimepokelewa. Zamu ya tatu akampelekea farasi ishirini, kisha akaomba chumvi kidogo tu. Uso wa mfalme ulikuwa umeshabadilika kabla hajaomba. Akafunga mpaka.

"Huyu hana shukrani," fundi alisema, na sauti yake ilikuwa na hasira ya kweli. "Nimempa ngano, nimempa mbao, nimempa farasi. Mara zote tatu nimetoa bila kudai hata punje. Kutoa ni moyo, na mimi moyo nimetoa."

"Mlaumu aliyemfunza," Wino alisema. "Yupo hapo nyuma yako."

Fundi akageuka. Hapana alikuwa ameupa ukuta kisogo. Alikuwa anatazama kioo cha kompyuta, na macho yake yalikuwa makavu na makali, kama zamani mtu alipomletea picha yenye ukungu.

Wino alifungua faili la sheria. Lilikuwa na nambari nyingi ambazo fundi hakuzielewa, lakini kati ya nambari palikuwa na mistari ya maneno ya kawaida. Wino alisema Hapana aliiandika ili wenzake wajue kila sheria imewekwa kwa nini. Akaisoma michache kwa sauti. Mwenye chumvi tele asibabaishwe na chumvi. Aliyevunja ahadi asisamehewe kabla ya zamu ishirini, ila zikiisha asamehewe, maana hata wafalme huchoka kununa. Fundi akacheka kidogo, kwa kuwa alimsikia mdogo wake kabisa, sauti ile ile. Ilikuwa miezi minne tangu aisikie. Halafu Wino akasoma mstari wa chini yake:

"Zawadi ya kwanza ashukuru. Ya pili ashangae. Ya tatu, ikija bila yeye kuombwa kitu, ashuke moyo na afunge mpaka. Hata mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Asiyeombwa kitu ameshahesabiwa kuwa hana kitu."

Kicheko kikamwishia fundi mdomoni. Chini, gerejini, mtu alikuwa akigonga bati, akanyamaza, akagonga tena. Wino alifunga faili taratibu, akasema lazima arudi dukani. Mlangoni akaongeza kwamba hakukusudia kumuumiza mtu. Fundi akamwambia hajamuumiza mtu, na alijua anadanganya.

Kesho yake alikuja na ubao wake wa kukatia nguo. Aliuweka kitandani, akamketisha Hapana kwa mito, akachora mstari wa chaki katikati ya ubao, kutoka ukingo hadi ukingo. Upande wake akaweka ufunguo wa ile stoo iliyopakwa rangi, taulo la kuogea, na kipande cha pazia la kijani. Akavisukuma vyote vivuke mstari.

"Ndiyo," alisema Hapana, na macho yakaanza kurudi ukutani.

Fundi akajigonga paji la uso. Mfalme wa Chumvi tena. Akavivuta vitu vyake nyuma, kisha akatoa mkobani kopo la vifungo na shati moja jeupe la sare ya shule.

"Mdogo wangu, nina mashati sitini ya kumaliza na macho yangu yamechoka. Vifungo vinanishinda. Nahitaji mtu." "Usinijibu kwa mdomo. Ukikubali kitu, kivute kwako. Ukikataa, kisukume kwangu. Ukinifanyia vifungo, wewe ungetaka nini?"

Hapana alilitazama kopo kwa muda mrefu. Mkono wa kushoto ukapanda juu ya ubao, ukalivuta kopo likavuka mstari. Kisha ukachukua ufunguo wa stoo pamoja na kipande cha pazia, ukavisukuma kwa fundi. Polepole, bila hasira, hadi ukamgusa goti. Halafu ukaonyesha mkoba.

Fundi alielewa, na alitamani asingeelewa. Akatoa funguo mbili za chumba kile cha ghorofani akaziweka juu ya mstari. Hapana akavuta mmoja. Wa akiba akausukuma kwa dada yake.

"Na ngazi je?" fundi aliuliza. Akachora ngazi kwa chaki pembeni ya ubao, kijia cha mistari kumi na saba, kwa kuwa alizihesabu kila siku. "Mimi nitalala vipi? Ukianguka hapa jioni, nani atajua?"

Hapana akafikiri. Alikuwa na uso wa dukani, uso wa kutafuta kinachowezekana. Akaipapasa simu yake chini ya mto, akaiweka kwenye ubao upande wa dada yake, akaigonga kwa kidole.

"Utanipigia?"

Mkono ukaivuta simu kwake.

"Kila siku, saa kumi na mbili jioni. Uniambie ndiyo, basi. Nisiposikia ndiyo, nakuja na ufunguo wangu."

Hapana akaikamata simu kifuani. Lilibaki taulo. Alilitazama, akamtazama dada yake, kisha akalikunja nusu kwa mkono mmoja na kulisukuma kidogo huku, kidogo kule, mpaka likalala juu kabisa ya mstari wa chaki. Kisha akaurudisha mkono nyuma kuonyesha mgongo, asikofika, na fundi akaelewa: nusu kwa nusu. Mgongo amwogeshe yeye. Kwingine Hapana ataoga mwenyewe, hata kama ni kwa saa nzima. Alipolisema kwa maneno, Hapana alilivuta taulo lote kwake kukubali, akapumua.

"Sawa," alisema fundi. Akajifuta macho kwa kanda yake ya kupimia, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Hakuyapenda makubaliano yale. Alirudi nyumbani akasimama katika stoo tupu yenye harufu ya rangi, akayatazama mapazia aliyoyashona kwa mtu asiyekuja, na usiku ule hakupata usingizi. Mwisho wa mwezi ulipofika hakurudisha chumba kwa mtu. Alirudisha majora stooni.

Wino alitengeneza ubao mdogo wenye kibano cha kushikilia nguo. Kila asubuhi fundi alitunga nyuzi kwenye sindano tano, akazichomeka kwenye kifuko cha pamba, akayaacha mashati mawili yaleyale hadi yamalizike. Saa kumi na mbili jioni simu ililia. Ndiyo. Siku ya kwanza aliisikiliza akiwa amesimama, viatu miguuni. Siku ya tisa aliisikiliza ameketi.

Siku ya kumi alilichukua shati la kwanza lililomalizika kabisa, akalipeleka dirishani. Vifungo saba. Sita vilikuwa vimekaa. Cha tatu kilikuwa kimevutwa upande, na uzi umejikunja nyuma kama funza. Siku chache kabla ya hapo angesema kimependeza, akakirekebisha nyumbani kwa siri. Alihisi maneno hayo yakimjia, matamu na mepesi, akayameza.

"Hiki cha tatu hakijanyooka," alisema. "Mteja wangu hatakikubali. Kifumue."

Hapana alimkazia macho. Damu ilimpanda usoni, na kwa kitambo fundi alidhani ameharibu kila kitu. Kisha mkono wa kushoto ukalivuta shati kutoka kwake, kwa nguvu, ukalibana kwenye ubao. Hapana akainama, akaukata uzi kwa meno, akanyoosha mkono bila kumtazama, akingoja apewe sindano nyingine.