Dereva wa lori aliyeamini ufunguo kuliko ndege

Saa moja asubuhi, Dereva ameketi kwenye kiti cha jikoni akiwa na kofia ya boksi aliyoikata mwenyewe, imemziba macho asione mbele wala pembeni. Anachoweza kuona ni meza tu. Juu ya meza kuna vifuniko sita vya sufuria, vitatu juu, vitatu chini.

"Kasi," anasema, akigusa cha kwanza. "Upeo. Kimo. Kona. Dira. Kupanda na kushuka."

"Hicho unachokiita kimo ni cha sufuria yangu ya uji," anasema mama yake, mwiko mkononi. "Uji unafurika, rubani. Nipe kimo changu."

"Mama, leo nina mtihani."

"Na uji nao una mtihani wake."

Anampa. Kwa dakika kumi anaruka bila kujua yuko juu kiasi gani.

Dereva ana miaka arobaini na mitatu. Jina hilo alipewa na wanafunzi wenzake wa urubani, kwa sababu kabla ya kushika ndege alishika lori miaka kumi na mitano. Akiba yake yote imeishia kwenye masomo. Kampuni ya kusafirisha vifurushi imemwekea kiti cha rubani msaidizi, mshahara mara mbili ya ule wa lori, kwa sharti moja: afaulu kurusha ndege kwa kusoma vipimo peke yake, bila kuchungulia nje.

Ameshafeli mara mbili. Leo ni ya tatu, na ya nne haipo.

"Nikifeli, lori langu bado lipo gereji," anasema. "Kila nikipita naona kama linanicheka."

Hakufelishwa na uvivu. Alifelishwa na ufunguo.

Enzi za lori alining'iniza mbele ya kioo, kwa uzi, ufunguo wa kufuli lililopotea zamani. Lori likilala upande, ufunguo unaegemea upande, naye anajua barabara imeinama hata kwenye ukungu. Alipoanza kuruka akauhamishia kwenye ndege kimyakimya, akaufunga chini ya kizuia jua, uning'inie hadi auone hata akiwa na kofia ya mtihani inayomziba asione nje. Lakini mficha uchi hazai.

Kwenye mtihani wa pili, kipimo cha upeo kilionyesha ndege imelala kushoto. Kipimo hicho ni duara lenye buluu juu, ndiyo mbingu, na kahawia chini, ndiyo ardhi. Katikati kuna vibawa viwili vidogo. Mstari wa kati ulikuwa umeinama kama paa la kibanda. Dereva akautazama ufunguo. Umening'inia wima, umenyooka kama askari wa gwaride.

"Kipimo chenu kimekufa," alimwambia mtahini.

"Vua kofia," mtahini akajibu.

Akavua. "Dirishani kwangu hakukuwa na mbingu," anakumbuka. "Kulikuwa na shamba la mtu. Na mbuzi!"

Mwalimu wake, binti mdogo kwake kwa miaka kumi na tano, hakumkaripia. Kesho yake alimpandisha angani na kikombe cha chai, akakata kona. Ndege ikalala, chai ikatulia tuli.

"Kaka, kona ikikatwa vizuri, kila kitu humu ndani kinasukumwa sakafuni," alimwambia. "Chai, ufunguo, hata makalio yako. Vyote vitakuapia kwamba mko sawa. Ni mashahidi wa uongo."

Mama yake alipohadithiwa, hakumwacha apumzike.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu imelala ubavu, chai haijamwagika."

"Ndege kwenye kona, mama."

"Haya, na mwenye nyumba asiyejua kwamba amelala?"

"Ni mimi, mama. Ni mimi."

Leo, kabla hajatoka, mama anamkingia kiganja mlangoni.

"Lete."

"Nini tena?"

"Huyo shahidi wako."

Dereva anasita, kisha anatoa ufunguo mfukoni.

Saa tisa alasiri yuko angani na mtahini yuleyule. Anaambiwa afumbe macho. Mtahini anaivuruga ndege kwa makusudi, juu, chini, kushoto, kulia, halafu anasema, "Yako."

Dereva anafumbua. Mwili unamwambia wametulia. Kipimo cha upeo kinasema wamelala kulia, pua inatazama ardhi. Kasi inapanda, kimo kinaporomoka. Mkono wake unanyanyuka kwenda kwenye kizuia jua, kuutafuta ufunguo.

Haupo.

"Nilijiona kama niko uchi," anasimulia baadaye.

Mkono ukashuka, ukapunguza nguvu ya injini. Akasawazisha mabawa, akainua pua taratibu. "Mwili wote ukapiga kelele kwamba sasa naanguka kushoto. Nikauambia, wewe kaa kimya, hujasomea."

Waliposhuka, mtahini alikuwa na swali moja tu. "Mbona muda wote umelaza kichwa upande wa kulia?"

"Mikono imeshaviamini vipimo, mzee. Kichwa bado."

Amefaulu.

Jioni, ufunguo umetundikwa kwenye msumari juu ya jiko, na kimo kimerudi kwenye sufuria yake. Mpango wa Dereva ni kukodi ndege ndogo kwa mshahara wa kwanza, amrushe mama yake mwenyewe. Mama, ambaye hajawahi kupanda, amekubali, ila atabeba chai yake mwenyewe.

"Isipomwagika, nitajua tumelala ubavu," anasema.

"Na ikimwagika, mama?"

"Nitajua umerudi kwenye lori."