Kilichombakia Mjomba Feruzi

Nakumbuka asubuhi moja ya ujana wangu, mwanangu, nilipogawa mali isiyokuwa yangu nikaliita tendo hilo huruma. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi kule Kasongo, mwenye kaptura nyeupe iliyopigwa pasi na maneno mengi ya haki ambayo nilikuwa bado sijayatolea jasho. Wakati wa likizo nilipanda baiskeli hadi upande wa Kabambare, kwa Feruzi, kaka yake mama yangu, aliyekuwa fundi wa kuunga mifupa.

Enzi hizo Wabelgiji ndio waliotawala, na kila mwanamume alikuwa na shamba lake la pamba ya lazima. Mifupa haikukosa kuvunjika: huyu ameanguka kutoka mchikichini, yule ameangukiwa na gogo. Wote waliletwa kwa mjomba. Uani kwake kuku walijaa, wengine wamelala, wengine wakichechemea, na watu wa njiani waliniambia wakicheka, "Mujomba wako iko tajiri. Kila mufupa, kuku. Kila muguu, mbuzi."

Maneno hayo yalinichoma. Niliona aibu kwamba damu yangu inanenepa kwa maumivu ya maskini. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Lakini mimi nilisimama mlangoni nikahukumu.

Basi asubuhi ile mjomba alikuwa ameingia msituni kutafuta magome ya dawa. Akapita mama mmoja mjane, amembeba mtoto anayekohoa, mbavu zake zikihesabika. Nikamtazama mtoto, nikawatazama kuku. Nikamkamata jogoo mwekundu aliyejilaza karibu na ukuta. Mguuni alikuwa na vijiti vilivyofungwa kwa kamba, nami nikadhani amefungwa hivyo asitoroke. Nikavikata, nikampa yule mama amtengenezee mwanawe mchuzi. Siku nzima nilitembea kifua mbele.

Mjomba aliporudi aliuliza, "Ile jogoo mwekundu iko wapi?"

"Nilimupatia mama mujane, mujomba. Mutoto wake iko mugonjwa. Na wewe uko na kuku mingi."

Hakunikaripia. Alikaa chini polepole, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Kutoka ndani ya nyumba ikasikika sauti ya Amisi, mkulima aliyevunjika mguu, aliyekuwa amelala pale wiki ya tatu: "Feruzi, wamemupika mwenzangu? Basi muniweke na mie mu chungu, tumufuate pamoja!" Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Ndipo nilipofundishwa jambo ambalo kila mtoto wa kijiji kile alilijua, isipokuwa mimi niliyelelewa bwenini. Mgonjwa anapoletwa, huja na kuku. Fundi humvunja kuku mguu mahali palepale alipovunjika mtu, kisha huwafunga wote wawili kwa vijiti na dawa ileile. Mtu hulala, kuku hulala. Siku kuku atakapokanyaga bila kuyumba, ndipo vijiti vya mtu hufunguliwa, nao wawili hurudi nyumbani pamoja. Wale kuku wa uani hawakuwa mapato, mwanangu. Walikuwa wagonjwa.

"Umetoa sadaka na muguu ya mutu," mjomba aliniambia. "Sasa nani atanionyesha siku ya kumufungulia Amisi?"

Ikabidi kuanza upya, na aliyevunjwa mguu safari hii ni kuku jike wa mjomba mwenyewe, wa pekee, tena mwenye kutaga. Hapo ndipo palipokuwa na hatari: Amisi angelala wiki nyingine nyingi, msimamizi wa pamba alikuwa karibu kupita, na shamba lenye magugu lilimpeleka mwenyewe gerezani, awe mzima au mgonjwa. Amisi aliacha utani. Akasema tu, "Kijana, jembe yangu iko nyuma ya mulango."

Nikalima. Likizo yangu yote iliishia kwenye matuta ya Amisi, kaptura nyeupe ikageuka rangi ya udongo. Mjomba naye, alipomaliza kuwakanda wagonjwa wake, alikuja kulima mstari wa pembeni. Msimamizi alipita, akatazama, akaenda zake. Siku zilipotimia yule kuku akasimama, akakanyaga, akaparua udongo. Amisi akafunguliwa. Akaenda shambani kwa mkongojo, akayaangalia matuta yangu yaliyopinda, akasema, "Ee munganga wa Kasongo! Hata pamba yako inachechemea!"

Watu wake wakaleta mbuzi, malipo ya mguu. Nikakaa niuone huo utajiri. Paja moja lilikwenda kwa ukoo wenye msitu wa magome. La pili lilikwenda kwa mzee aliyemfundisha mjomba dawa. Mbavu zikawa za wanawake waliompikia mgonjwa na jamaa zake muda wote ule. Na nyama iliyosalia ikaingia chunguni, maana waliomleta mbuzi hawawezi kuondoka na njaa. Mjomba akabakiwa na ngozi. Aliiwamba juani, akaikwangua, na ilipokauka akaipeleka ndani. Nikamfuata. Chini ya kila mgonjwa palikuwa na ngozi ya mbuzi.

"Unaona faida yangu?" akauliza. "Wanailalia."

Nami nilikuja kuwa muuguzi, nikazeeka katika kazi hiyo. Na hata leo nikisikia harufu ya magome yanayochemka, naiona ile nyumba na nawasikia mjomba na wagonjwa wake wakitaniana.

Mwanangu, usiache kuikasirikia dhuluma, kwani moyo usiokasirika umekwisha kufa. Ila ingia ndani kwanza. Ukiona kilichopokelewa na mwenye kuponya watu, uliza kinagawiwa mikono mingapi kabla yeye hajabakiwa na chake. Na moyo ukikusukuma kutoa, toa kuku wako. Wa mwenzio huenda ameshika mguu wa mtu usiyemwona.

Mungu akupe mikono ya kuunga, akupe na mtu wa kukulimia siku utakapolala. Na kazi yako itakapokwisha, akubakizie japo ngozi moja, umtandikie mwingine.