Viraka vya Toleo la Kumi na Moja

Mama Pindo aliitwa hivyo kwa sababu pindo lake halikuonekana. Ungeweza kuigeuza sketi nje ndani, ukaisogeza dirishani, usijue uzi umepita wapi. Wateja walimsifu kwa hilo. Jumamosi ile, sifa hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikimtoa jasho.

Binti yake alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea kabati la vitambaa, anasoma kitabu kinene chenye jalada gumu. Ndani yake mlikuwa na matoleo yote ishirini na manne ya katuni za Kitasa, yule msichana wa kufungua makufuli, yaliyokusanywa na kuchapishwa upya baada ya miaka mingi. Binti alikuwa ameagiza nakala yake kabla kitabu hakijatoka, akaisubiri kama anayesubiri mgeni wa heshima. Alikuwa na miaka thelathini sasa, kazi yake kugawa dawa hospitalini, lakini kicheko kilikuwa kilekile cha utotoni.

"Mama, unakumbuka alivyofungua kabati la mwalimu kwa mwiba wa samaki?"

"Nakumbuka."

"Mbona kimya leo? Cherehani imekununia?"

"Soma, mwanangu. Mimi nina shati la watu hapa."

Shati halikuwa likishonwa. Mguu ulikuwa juu ya kikanyagio, gurudumu limesimama, na Mama Pindo alikuwa anahesabu. Toleo la nane. La tisa. La kumi. Katika toleo la kumi na moja mama yake Kitasa anakufa. Binti hakulijua hilo, na aliyemficha ni mama yake mwenyewe. Akilijua leo, ataamini nini tena kutoka kinywani mwake?

Wakati ule mtoto alikuwa na miaka saba. Baba yake alikuwa ameshaondoka kwenda kuanza maisha mengine kwingine, nyumba imebaki na watu wawili. Kila mwezi Mama Pindo alinunua katuni, akaisoma kwanza yeye, polepole, kidole kikifuata mstari, maana shule aliiachia darasa la nne. Wengine huonja uji kabla ya kumpa mtoto. Yeye alionja hadithi pia.

Mwezi mmoja daktari akamwambia ana uvimbe tumboni, lazima apasuliwe. Wiki hiyohiyo likatoka toleo la kumi na moja: mama kitandani, majirani wanalia, kisha mazishi, karatasi nzima mbele na nyuma. Alikaa nalo mchana kutwa, mtoto yuko shule, akaona haiwezekani mtoto alisome hivyo.

Akachukua wembe wa kufumulia mishono, akaikata ile karatasi ya mazishi karibu kabisa na pini. Akakata vipande kwenye pambizo za katuni hiyohiyo, ili rangi isipishane hata karatasi ikizeeka. Akaandika maneno mapya kwa kuiga mkono wa mchoraji, akayabandika kwa uji mzito wa ngano, akapitisha pasi ya uvuguvugu. Mama aliyekuwa akisema, "Nakufa mwanangu, jitunze," sasa akasema, "Nasafiri alfajiri mwanangu, ngoja nilale." Kazi ilikuwa kwa majirani. Watu kumi na wawili wanalia, mmoja ameshika kichwa, utawasingizia nini? Aliwaza mpaka chai ikapoa, mwisho akamwandikia yule wa mbele: "Jamani, nauli imepanda tena."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake ilirefuka miezi kumi na mitatu. Kila toleo lililofuata lilikuwa na "marehemu mama" mahali fulani, na kila mara ilibidi marehemu arudishwe safarini. Mara mbili alimtungia mpaka barua za kumtumia Kitasa kutoka huko safarini.

"Mama." Sauti ya binti ilikuwa imebadilika. "Hiki kitabu kimekosewa."

"Kimekosewa vipi?"

"Wamemuua mama yake Kitasa."

Kabla Mama Pindo hajapata neno, binti ameshavuta sanduku chini ya kitanda na kutoa katuni za zamani, zilizofungwa kwenye mfuko wa plastiki tangu akiwa msichana mdogo. Akaweka toleo la kumi na moja kando ya kitabu kipya. Vipande havikuinuka hata pembe.

"Si unaona? Hapa anasafiri. Watu wanaichezea hadithi ya mtu halafu wanaiuza. Nakirudisha dukani sasa hivi, na ushahidi ninao."

"Achana nao, mwanangu. Kitabu tu hicho."

"Si kitabu tu, mama."

"Basi ngoja nivae viatu."

Njiani alijaribu kusema mara tatu. Mara ya kwanza alisema jua kali. Mara ya pili alisema yule fundi baiskeli amehama. Mara ya tatu walikuwa wamefika.

Muuza vitabu alikuwa mwanamume aliyemzidi binti miaka michache tu, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Dada, mama yake Kitasa alikufa. Mimi mwenyewe nililia, nikachapwa kwa kulia bila sababu."

"Kaka, soma hapa."

Akavaa miwani. "Nauli imepanda tena," alisoma taratibu. "Watu wazima kumi na wawili wanalilia nauli?"

"Ilikuwa imepanda sana," binti alisema, kisha akawa kama mtu aliyejisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Muuza vitabu akapeleka ukucha kwenye ukingo wa kiputo cha maneno.

"Usikwangue," Mama Pindo alisema. "Ni mimi."

"Ni wewe nini, mama?"

"Niliyeandika. Niliyebandika. Ile karatasi ya mazishi niliichoma jikoni."

Muuza vitabu akaangua kicheko. "Nimeona vitabu vilivyoliwa na mchwa, nimeona vya panya. Hiki kimeliwa na mzazi." Kisha akauona uso wa binti. Kicheko kikamfia, akaenda kupanga rafu ambayo ilikuwa imeshapangwa.

Binti alitoka nje bila kuchukua chochote, akaketi kwenye ngazi ya duka. Mama yake akaketi kando, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa mdogo."

"Na huyo kaka alikuwa mdogo. Aliachwa akalia. Kwa nini mimi nisiachwe?"

Basi Mama Pindo akasema yote: uvimbe, daktari, tarehe ya kupasuliwa. Binti alisikiliza huku anatazama vidole vyake.

"Mwezi huo ndio ulikwenda kununua vitambaa. Niliachwa kwa mama mdogo wiki tatu."

"Sikwenda kununua vitambaa."

"Ulirudi na kitambaa cha maua. Ulinishonea gauni."

"Mama yako mdogo alikinunua sokoni siku nilipotoka wodini."

"Na ungekufa?"

Mama Pindo aliona hapa hakuna pa kukunja. "Wangekuambia nimesafiri. Nilimwachia mama yako mdogo mkasi, unga wa ngano, na vipande vitano nilivyokwisha kuandika."

"Ningekusubiri mpaka lini?"

"Sikufika huko kwa mawazo. Nilifika pa wewe kupata usingizi tu."

"Sikulala, mama." Binti alisema kwa upole, na upole huo ulikuwa mgumu kuliko ukali. "Kila nikimuuliza mama mdogo utarudi lini, alikuwa anageuza uso. Nilidhani umenichoka, kama baba. Nilipanga hata nguo zangu kwenye mfuko, nikafikiri nikiwa tayari hutakasirika ukija."

Hilo hakulijua. Miaka ishirini na mitatu aliamini kwamba mtoto wake alilala kipindi kile chote. Alitaka kusema samahani, neno likawa dogo mno, akalisema hivyohivyo. Binti akasogea, akaijaza ile nafasi ya katikati.

"Kuna safari nyingine ambayo sijaambiwa?"

Mama Pindo alitazama barabarani. Ingekuwa rahisi. Ulimi ulikuwa umeshajipanga.

"Jicho," alisema. "La kushoto. Lina ukungu tangu mwanzo wa mwaka."

"Unatungaje uzi?"

"Kwa kupapasa."

"Jumatatu asubuhi tunakwenda wote. Watakachosema utakisikia wewe, na mimi nitakisikia, saa ileile."

"Na wakisema vibaya?"

"Tutakuwa tumejua."

Binti akainuka, akaingia dukani kuchukua vitabu vyake, kile kipya na lile toleo la zamani. Mama Pindo alibaki peke yake kwenye ngazi. Akaliziba jicho zima, la kulia, kwa kiganja, jambo ambalo hakuwahi kuthubutu mbele za watu, akatazama kwa lile bovu. Barabara ilikuwa kama imefunikwa shuka.

Kivuli kikasimama mbele yake. "Unaniona?" binti aliuliza.

"Naona gauni," alisema. "Sura yako siioni."

Binti hakusema haidhuru. Aliinama, akamshika mkono wa kushoto, wakashuka ngazi.