Mito ya Waliosafiri

Ungeingia kanisani kwa kina Mama Mito siku ya katikati ya wiki, ungedhani ibada imekaribia na waumini wametoka kunawa mikono tu. Kila benchi lilikuwa na mito, na kila mto ulikuwa na herufi za mwenyewe zilizotariziwa kwa uzi mwekundu. Tatizo ni kwamba wenye mito walikuwa ng'ambo.

Desturi hiyo aliianzisha yeye mwenyewe, fundi cherehani. Kitindamimba wake aliposafiri kutafuta kazi, alimshonea mto, akauweka benchi la tatu alipozoea kukaa, asije akarudi akakuta nafasi imechukuliwa. Jirani akauona, naye akaagiza wa bintiye. Baada ya miaka sita mito ilifika arobaini na mitatu, na waumini wenye miguu wakabaki ishirini na sita. Kadiri kanisa lilivyopungua, ndivyo cherehani ilivyopata kazi.

Kisha ikaja barua kutoka makao makuu. Kanisa lisilofikisha waumini hamsini litafungwa, na waliobaki wakasali mjini, mwendo wa saa mbili. Mkaguzi angekuja Jumapili kuhesabu. Mama Mito alibatizwa humo, akaolewa humo, akamuaga mumewe humo. Magoti yake yenyewe yalishindwa hata kufika sokoni, sembuse mjini.

"Mchungaji, tuhesabu na mito basi," alisema, nusu utani.

"Mama, atahesabu vichwa. Mto una foronya, kichwa hauna."

Vichwa vilikuwepo, ila dirishani. Wageni waliohamia mtaani kufanya kazi kwenye kiwanda cha mkate walisimama nje kila Jumapili, wakiimba kuliko kwaya. Mama Mito aliwaona wenye maringo. Jumamosi alijikokota hadi kiwandani akamtafuta mwokaji mmoja, mama kijana mwenye unga hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hamwingii ndani? Kanisa letu linanuka?"

"Tukae wapi, mama? Kumejaa."

"Kumejaa nini?"

"Si wenye mito! Tulipofika tulisema tuwasubiri waje wakae kwanza, sisi tutapata panapobaki. Mwaka wa pili huu tunasubiri. Mama, watu wenu wanachelewa jamani!"

Mama Mito alicheka mpaka akashika meza. Njiani kicheko kikamkauka. Alipofika nyumbani alimpigia simu mwanawe.

"Huko kanisani unakaa wapi?"

"Kukaa tena? Nasimama nyuma, mlangoni. Viti vina wenyewe."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia, mama. Na hakuna aliyeniambia nikae."

Jumapili asubuhi Mama Mito alikuwa kanisani na magunia mawili, anang'oa mito kama mihogo. Babu fundi saa, mzee wa kanisa, alimkuta kwenye benchi lake akapiga kelele.

"We mama! Huo wa mjukuu wangu! Akirudi je?"

"Akirudi nitampakata."

"Ana kilo tisini!"

"Basi tutapakatana kwa zamu, babu. Shika gunia."

Babu alishika gunia, ananung'unika. Ilitoka mito arobaini na miwili. Ulibaki mmoja, wa mwanawe, benchi la tatu, na huo Mama Mito hakuung'oa. Aliunyoosha pembe, akaupangusa vumbi ambalo halikuwepo. Mkaguzi alikuwa tayari anateremka garini, na mwokaji alikuwa dirishani kwake, ameshikilia nondo kama kawaida.

Mama Mito aliukwapua mto, akaubana kwapani.

"Wewe, mwokaji! Zunguka mlangoni, uje ukae hapa. Na wenzako wote, upesi, kabla babu hajabadili mawazo!"

Mkaguzi alihesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuyaamini macho yake. Walikuwa sabini na mmoja. Kwaya ilifunikwa na benchi la tatu tangu wimbo wa kwanza, na babu fundi saa, akiwa amebanwa katikati ya waokaji wawili, alisinzia kwa raha kwenye bega la mmojawapo.

Jioni Mama Mito alipiga simu.

"Mwanangu, nafasi yako nimempa mtu."

"Sasa nikirudi?"

"Atasogea, benchi ni refu. Ila Jumapili ijayo usinisimamie mlangoni huko. Ingia mpaka mbele, ukae. Wakikuuliza, sema umetumwa na mamako."

"Mama, nitakaa wapi, na viti..."

"Utakaa juu ya mto wako. Kesho nautuma."